Kirikuu kwa kazi ya kukata nyasi: nipangeje bodi, na ninunue mashine zipi?

mwenye_kirikuu (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam.

Nina kirikuu, yaani pikapu ndogo ya Suzuki Carry DA63T, ambayo mpaka sasa inabeba mizigo ya dukani. Nataka niihamishie kwenye kazi ya kukata nyasi na kutunza bustani. Wateja nimeshazungumza nao: nyumba 11 kati ya Mbezi Beach na Kunduchi, kila moja ina nyasi za mita za mraba 150 hadi 400, na eneo moja la nyumba za kupangisha lenye kama mita za mraba 5,000. Tutakuwa watatu, mimi na vijana wawili.

Fundi wa kuchomelea amenipa mpango huu: sakafu ya bati la vinundu la milimita 3, ngome ya skwea paipu ya 40 kwa 40 kuzunguka bodi mpaka usawa wa paa la kabini, na aongeze springi moja moja nyuma ili gari "isikae".

Ninaomba ushauri kwa wanaojua:
1. Mpango wa fundi uko sawa?
2. Ninunue mashine mbili za kusukuma au moja ya kukalia?
3. Nyasi zilizokatwa tuzibebe wenyewe? Wateja wengi wanataka ziondoke siku hiyo hiyo.

Natanguliza shukrani.

---

fundi_bodi

Mkuu, kabla hujampa fundi hata senti, chukua karatasi upige hesabu ya kilo. Gari za aina hii, iwe Carry, Hijet, Acty au Sambar, zimeidhinishwa kubeba kilo 350 basi. Hizo ni mbali na dereva na abiria mmoja, na Wajapani katika hesabu yao humpa kila mtu kilo 55. Nyinyi wawili mkiwa na kilo 80 kila mmoja, kilo 50 zimeshaondoka kwenye mzigo.

Bodi yako ina urefu wa mita 1.94 na upana wa 1.41, yaani mita za mraba 2.7 na ushee. Bati la vinundu la milimita 3 lina kama kilo 25 kwa mita ya mraba. Sakafu peke yake kilo 68. Skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 ina kilo 2.3 kwa mita, na ngome ya namna aliyokueleza itakula mita 24 hivi, kwa hiyo kilo 55. Umeshabeba kilo 123 na hujapakia hata reki.

Fanya hivi badala yake. Sakafu weka plaiwudi ya baharini ya milimita 12. Karatasi nzima ina kama kilo 20, lakini upana wake ni mita 1.22, kwa hiyo utajazia kipande pembeni. Ipake rangi ya mafuta pande zote na hasa kwenye kingo, maana maji huingilia huko. Ngome tumia skwea paipu ya 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5, kilo 1.1 kwa mita. Mita 24 hizo hizo zinakuwa kilo 26. Jumla kilo 46 badala ya 123. Nguvu inatosha kabisa, kwa sababu ngome hii haizuii mchanga wala tofali, inazuia mashine zisiyumbe na vibaka wasichomoe kitu kwenye foleni.

Ngome ifungwe kwa bolti, isichomelewe kwenye gari. Bolti za milimita 10, washa pana juu na chini, kipande cha mpira kati ya chuma na bodi, na kila tundu lililotobolewa lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijaingia. Hewa ya chumvi ya Mbezi na Kunduchi inaanzia kwenye matundu hayo hayo. Kama kuna kitu lazima kichomelewe kikiwa juu ya gari, waya hasi wa betri utolewe kwanza. DA63T ina mfumo wa kuingiza petroli kwa kompyuta, na umeme wa kuchomelea unaweza kuiua.

Springi za kuongeza, achana nazo. Zinaficha tatizo tu. Gari itaonekana imesimama vizuri wakati breki za nyuma, beringi za magurudumu, ekseli na tairi ni zile zile za kilo 350. Kama springi zimelegea kwa uzee, badilisha seti kwa zenye vipimo vya kiwandani.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na Acty au Sambar ya zamani: injini ya Acty iko chini ya bodi, ya Sambar iko nyuma kabisa, na kwenye sakafu ya bodi kuna mfuniko wa kuifikia. Msiigongelee plaiwudi juu yake. Kikatwe kipande cha saizi ya mfuniko, kiwekwe kwa skrubu nne.

---

ukoka_pwani

Fundi_bodi kamaliza habari ya gari, niongeze mashine.

Ya kukalia sahau. Moja tu inaweza kufika kilo 150 na zaidi, inajaza bodi nzima, na mageti madogo ya kupitia bustani za nyuma mengi hayafiki mita moja. Kwa nyumba za mita 150 hadi 400 utatumia muda mwingi kuipakia na kuishusha kuliko kukata.

Chukua mbili za kusukuma zenye upana wa kukata wa inchi 21, yaani sentimita 53. Ukipishanisha mstari kwa mstari unabaki na sentimita 48 za kazi. Mtu akitembea kilomita 3 kwa saa, kwenye karatasi ni mita za mraba 1,440 kwa saa. Uwanjani chukua nusu yake, kwa sababu kuna kugeuza, kumwaga mfuko, kuzunguka miti. Lile eneo lako la 5,000 ni kama saa saba za mashine moja, au asubuhi moja ya mashine mbili. Na moja ikigoma, kazi haisimami. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na mbili, zaidi hata ya kasi.

Ziwe za aina moja. Plagi moja, chujio moja, kisu kimoja, kamba moja ya kuwashia. Ukichanganya aina utabeba vipuri mara mbili na siku ya shida utakuta umebeba kile kisichohitajika.

Angalia injini kabla ya kuangalia rangi. Kwa mfano Honda wana GCV160 na GXV160, majina yanakaribiana na watu huuziwa moja wakidhani ni nyingine. GCV ni ya matumizi ya nyumbani, ina mkanda wa mpira ndani ya injini. GXV ni ya kazi, silinda yake ina bomba la ndani (sleeve) la chuma cha kusubu. Kwa nyumba 11 na eneo kubwa, GXV au ya kiwango hicho. Mwili wa mashine ukipata wa aluminiamu chukua, wa bati huku pwani huoza kuanzia chini, pale nyasi mbichi zinapogandia. Ukishindwa bei, wa bati nao unadumu ukikwanguliwa kila jioni. Na magurudumu yawe na beringi za gololi. Yale ya bushi ya plastiki mchanga wa huku unayala haraka.

Ukienda Gerezani kununua iliyotumika: igusie mkono kwanza, iwe ya baridi. Muuzaji akikukaribisha na injini ambayo tayari ina moto, kuna jambo anaficha kuhusu kuwaka asubuhi. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, kabureta inavuja na oili imeshachanganyika. Chomoa waya wa plagi, kisha zungusha kisu kwa mkono huku ukitazama ncha yake dhidi ya ukingo wa mwili. Ncha moja ikipita juu na nyingine chini, yawezekana kisu kimepinda au shafti imepinda. Funga kisu kingine ujaribu tena. Ikibaki vile vile ni shafti, ondoka.

Za kufyekea mbili pia, za cc 35 hadi 40. Kama utapata za mipigo minne itakurahisishia, maana hazihitaji kuchanganya oili kwenye petroli. Za mipigo miwili zina nguvu kwa uzito wake, lakini lazima mchanganyiko uwe sahihi: oili nzuri ya mipigo miwili ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwenye lita 5 za petroli. Mwongozo wa mashine ukisema 1 kwa 25, ni mililita 200. Pima kwa kikombe chenye alama. Kipimo cha "mfuniko mmoja" ndicho kinachoua pistoni.

Uzi wa nailoni wa kukatia kingo: milimita 2.4 au 2.7 unatosha kwa ukoka. Loweka bunda zima kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kulitumia. Nailoni iliyokauka kwenye joto la kabini inakatika vipande vifupi vifupi, na vijana watadhani tatizo ni kichwa cha mashine.

Oili ya injini za kusukuma: kwa joto la Dar SAE 30 ya mipigo minne iko vizuri. GXV160 inachukua lita 0.65, na GCV160 inachukua 0.55. Usijaze kwa macho, ikizidi inatoka kwenye bomba la kupumulia na kulowesha chujio la hewa. Mashine mpya mwage oili ya kwanza mapema, baada ya saa 5 mpaka 20 za kazi kutegemea mwongozo wake, halafu kila saa 50. Mwongozo wa GXV unaruhusu hadi 100, lakini kwa vumbi la Julai na Agosti mimi nabaki na 50. Plagi ni ile inayotajwa kwenye mwongozo, uwazi milimita 0.7 hadi 0.8.

---

mwenye_kirikuu

Nashukuru sana wakuu, mmenifungua macho. Fundi_bodi, sasa baada ya ngome nyepesi nabakiwa na nafasi gani ya nyasi? Na vitu nivipange vipi ndani ya hiyo 1.94 kwa 1.41? Suala la mtu wa tatu nalo linanisumbua.

---

fundi_bodi

Mtu wa tatu hana kiti. Kadi ya gari inasema watu wawili na bodi si mahali pa mtu, hata "hapo karibu tu". Aje kwa daladala au bodaboda mkutane kwa mteja wa kwanza, na panga nyumba za siku moja ziwe mtaa mmoja ili atembee kutoka moja hadi nyingine.

Hesabu ya kilo iko hivi, nimezidisha kidogo kwa usalama:

Mashine mbili za kusukuma 80. Za kufyekea mbili 16. Ya kupuliza majani, ile ya kushika mkononi, 5. Petroli lita 15 pamoja na makopo yake 16. Sanduku la spana na vipuri 15. Reki, mafagio, fyekeo, turubai, mikasi ya ua 25. Toroli 15. Bomba la mgongoni na dumu la maji la lita 20, jumla 24. Inakuja 196. Ongeza ngome na sakafu 46, unapata 242. Kilo 350 ukitoa hizo inabaki 108, na tukikata zile 50 za miili yenu inabaki chini ya 60.

Nyasi mbichi zilizokanyagwa zinafika kwa urahisi kilo 250 au 300 kwa mita moja ya ujazo. Bodi yako ikijazwa mpaka usawa wa kingo zake za kawaida tu, sentimita 29, ni karibu mita 0.8 ya ujazo. Kwa hiyo kilo 60 zako ni kama magunia mawili makubwa yaliyoshindiliwa. Jibu la swali lako la tatu ndilo hilo: kirikuu yenye vifaa haibebi nyasi. Chagua kimoja.

Mpangilio: mashine mbili za kusukuma zikae mbele zikitazama kabini, bega kwa bega, mishikio imekunjwa. Kila moja inachukua upana wa sentimita 58 hivi na urefu wa karibu 95. Uzito mkubwa unakuwa mbele ya ekseli ya nyuma, ambapo ndipo unapotakiwa. Ukiuweka karibu na mlango wa nyuma, usukani unakuwa mwepesi na gari inacheza barabarani. Nyuma ya mashine inabaki kama mita moja. Upande wa kushoto weka masanduku yenye kina cha sentimita 40. Upande wa kulia kulabu mbili za chuma zilizofunikwa mpira, hapo zinalala za kufyekea. Zina urefu wa karibu mita 1.8 kwa hiyo zinapita juu ya mashine ya kulia. Legeza bolti ya mshikio uuzungushe ulale sambamba na bomba. Katikati inabaki njia ya sentimita 75, mashine inapita bila kushusha kitu kingine.

Magurudumu yazuiwe na vipande vya mbao vya sentimita 5 kwa 5 vilivyofungwa sakafuni, mbele na nyuma. Mkanda wa racheti upite juu ya mwili wa mashine, si kwenye mshikio. Mshikio ukivutwa unapinda na kebo ya gesi inakwama, halafu unahangaika na injini isiyopanda wakati ugonjwa uko kwenye kebo.

Ngazi ya kupandishia: bodi iko sentimita 65 kutoka chini. Ngazi ya mita 2 inatoa mwinuko wa nyuzi 19, na mashine ya kilo 40 utaisukuma kwa nguvu ya kilo 13 tu. Ya mita 1.5 inakuwa nyuzi 26 na kijana mmoja hawezi salama. Ifanye ya vipande viwili vya mita moja vyenye bawaba, itulie juu ya ngome. Ncha ya juu iwe na kulabu na pini ya kufunga kwenye bodi. Ngazi isiyofungwa inarudi nyuma wakati magurudumu ya mbele yanapanda, na mashine inamwangukia aliye chini. Kabla ya kupandisha inua mashine kwenye kimo cha juu kabisa, la sivyo tumbo lake linakwama pale ngazi inapokutana na bodi.

---

ukoka_pwani

Kabla sijasahau: bomba la petroli la mashine lifungwe kabla ya kusafiri. GXV160 ina kifungo pale chini ya tangi. Kikiachwa wazi, barabara ya vumbi na mashimo inatikisa kielea cha kabureta, petroli inapita mpaka ndani ya silinda na kuchuruzika kwenye oili. Utaona oili imepanda kwenye kijiti na imekuwa nyepesi kama maji. Usiiwashe hivyo. Mwaga, weka mpya.

---

dada_wa_bustani

Kaka, fundi amekwambia kirikuu haibebi nyasi, na wateja wako wanataka ziondoke. Njia zipo, ila anza na kuzizuia zisiwe nyingi.

Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukoka mwembamba unaotunzwa sentimita 3 ukatwe unapofika 4 na nusu. Ukifuata hivyo, vipande ni vidogo, vinashuka chini na kuoza vyenyewe, unaweza kuziba mdomo wa kutolea nyasi na kuacha zisagike. Nyasi zile za majani mapana zinazotambaa kwa vikonyo vinene zisishuke chini ya sentimita 6. Ukizikata fupi kama ukoka unabaki na vikonyo vya njano, na mteja atasema umemuunguzia bustani. Paspalamu inakubali sentimita 3 hadi 5.

Maana yake ratiba lazima ifuate mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyumba inahitaji mkato kila siku 7 hadi 10. Vuli vivyo hivyo mvua zikishika. Kiangazi, bustani isiyomwagiliwa sana inaweza kungoja wiki mbili au tatu. Wewe ukikubaliana na mteja "mara mbili kwa mwezi" mwaka mzima, Aprili utakuta nyasi za magotini, mfuko unajaa kila hatua ishirini, mashine inazimika, na una mlima wa kubeba. Andika kwenye makubaliano idadi ya mikato kwa msimu. Bei ya mwezi iwe moja kama mnapenda, lakini mikato ihesabiwe.

Kwa zile ambazo lazima ziondoke: tandika turubai la mita 3 kwa 4, kila mfuko umwagwe hapo, zikauke juani huku mnamalizia kingo. Hata saa mbili za jua zinapunguza uzito vizuri. Halafu ita toyo au guta (zile za mizigo za magurudumu matatu) ipite kwenye nyumba zote za siku hiyo mwishoni, safari moja. Gharama yake iingie kwenye bei ya mteja anayetaka ziondolewe, iandikwe mstari wake peke yake. Wengi wakiuona mstari huo wanakumbuka kuna kona nyuma ya tangi inafaa kwa shimo la mboji.

Wafugaji wa mbuzi na ng'ombe watakuomba nyasi. Wape zile tu ambazo hazijapuliziwa dawa, na zisichanganywe na matawi ya ua. Oleanda ipo kwenye bustani nyingi za huko na inaua mifugo hata kidogo kikiliwa. Za kwenye kingo nazo usiwape, zimejaa vipande vya uzi wa nailoni.

Usilaze nyasi mbichi ndani ya bodi mpaka asubuhi. Zinapata joto, zinatoa maji machachu, na plaiwudi na chuma vyote vinaanza kuoza.

Kuhusu dawa, kwa kuwa umetajiwa bomba la mgongoni: nunua mabomba mawili ya rangi tofauti. Moja la kuua magugu, lingine la wadudu, ukungu na mbolea ya maji. Mabaki ya 2,4-D, dawa ya kuua magugu, yanayobaki kwenye mpira wa bomba yanatosha kukunja majani ya mipapai, mchicha na nyanya za mteja, na utalipishwa. Dawa hiyo hiyo inaumiza nyasi za majani mapana, kwa hiyo jua kwanza umesimama kwenye nyasi gani. Haisaidii kitu cha maana kwa ndago. Ndago ukiing'oa unaacha vinundu chini na inarudi zaidi. Inahitaji dawa yake, yenye halosulfuroni, ambayo inafika mpaka kwenye vinundu. Nunua iliyosajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), chupa yenye lebo inayosomeka. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji usiguse.

Pima bomba lako kabla ya kupima dawa. Weka maji matupu, pulizia mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, angalia zimetumika lita ngapi. Tuseme ni lita 4. Bomba la lita 16 basi linatosha mita za mraba 400. Lebo ikisema lita moja ya dawa kwa hekta, hiyo ni mililita 10 kwa kila mita 100, kwa hiyo bomba zima linataka mililita 40. Kijana mwingine akishika bomba, apimwe upya, kwa sababu hatua zake si zako.

Dawa zikae kwenye sanduku lake lenye kufuli, mbali na petroli, mbali na chakula na glavu za vijana. Ndani ya kabini hapana.

---

toyo_kwanza

Mimi nitapinga kidogo. Mita 5,000 ni mteja mmoja. Akiondoka, gari zima limekaa bure. Toyo yenye bodi inabeba mashine moja, ya kufyekea moja, petroli na reki, inapita vichochoro vya Kunduchi ambavyo kirikuu inageuzia kwa shida. Anza hivyo, kirikuu iendelee na mizigo ya dukani.

---

fundi_bodi

@toyo_kwanza ungekuwa sahihi kama hana gari. Analo tayari, na ngome ya bolti inatoka kwa spana nusu saa. Siku zisizo na nyasi abebe mizigo yake. Ila wazo la toyo kwa mtaa wa vichochoro lisitupwe, hasa akifikisha nyumba 20.

---

mwenye_kirikuu

Nimeelewa. Ngome nyepesi ya bolti, mashine mbili za aina moja, nyasi zinaondoka na toyo. Mambo mawili ya mwisho: petroli niibebe vipi maana kituo cha karibu wanakataa madumu, na kwenye gari niwe na vipuri gani siku zote?

---

ukoka_pwani

Wanakataa ya plastiki, na wana haki. Tafuta makopo ya chuma yenye mfuniko wa kubana, moja la lita 10 la petroli tupu na moja la lita 5 la mchanganyiko kama una mashine ya mipigo miwili. Yawe na rangi tofauti na yaandikwe kwa maandishi makubwa. Petroli tupu ikiingia kwenye mashine ya mipigo miwili, pistoni inakwama ndani ya dakika chache na hakuna dawa ya hapo. Kopo lishushwe chini lijazwe likiwa limegusa sakafu ya kituo, siyo juu ya plaiwudi, kwa sababu ya cheche za umeme tuli. Usilijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya kupanuka. Kwenye gari likae kona ya nyuma kulia, limefungwa, wima, mbali na ekzosi za mashine zilizotoka kufanya kazi. Mashine ipoe dakika kumi kabla ya kujazwa na kabla ya kupakiwa.

Petroli isizidi mwezi. Ikikaa inaacha gundi kwenye tundu la kabureta, mashine inawaka kisha inazimika ukiachia choki. Ikitokea, fungua bolti ya bakuli la kabureta, mwaga, safisha tundu kwa hewa au uzi mmoja wa waya laini wa shaba, siyo sindano ya chuma.

Sanduku la vipuri: plagi mbili za kila aina, spana yake, chujio la hewa moja moja, visu viwili vilivyonolewa tayari pamoja na bolti na washa zake, mita 3 za kamba ya kuwashia ya milimita 4, bunda la uzi wa nailoni, kichwa kimoja cha kufyekea, grisi ya gia ya mashine ya kufyekea, oili lita moja, faneli, brashi ya waya, tupa bapa. Kizimamoto cha unga cha kilo 2 kifungwe pale mkono unapofika kutoka nje, siyo chini ya reki. Sanduku dogo la huduma ya kwanza liwe ndani ya kabini. Miwani, vizibo vya masikio na buti kwa kila mmoja wenu, na anayefyekea asiwe na mtu wala gari ndani ya mita 15. Kokoto za matumbawe za huko zinaruka kama risasi, na kioo cha gari la mteja ni ghali kuliko faida ya mwezi.

Visu vibadilishwe vikiwa butu, vinolewe nyumbani jioni. Kisu butu kinachana jani, ncha zinageuka kahawia siku ya pili. Mchanga wa pwani unasaga kisu kuliko udongo wa bara, kwa hiyo tazama kila baada ya saa 8 hadi 10 za kukata. Baada ya kunoa kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, uongezee kupiga tupa huko huko mgongoni, siyo kwenye makali. Kisu kisicho sawa kinatikisa injini mpaka bolti za chini zinalegea.

Na unapolaza mashine kufikia kisu, toa waya wa plagi kwanza, kisha ilaze upande ambao kabureta inaangalia juu. Ikilazwa kinyume, oili inaingia kwenye chujio na utapata moshi mweupe mtaa mzima.

---

mwenye_kirikuu

Hiyo ya kabureta kuangalia juu nitaiandika kwa rangi kwenye kila mashine, vijana waione. Kesho nampelekea fundi vipimo vya paipu ya 25.

---

fundi_bodi

Mwambie pia akate kona za ngome kwa nyuzi 45 na azibe ncha zote zilizo wazi. Paipu yenye mdomo wazi inakusanya maji ya mvua na inaoza kutokea ndani, utaiona siku imeshatoboka. Na apime gari likiwa tupu kwenye mizani kabla na baada ya kufunga ngome, upate kilo halisi.